Si yai peke yake: Unga mbichi nao waweza kukulaza hospitalini

Katika nyumba nyingi za mijini, siku ya kuoka keki au biskuti watoto huwa hawatoki jikoni. Wanangoja mwiko. Mmoja ataulamba, mwingine atakwangua bakuli kwa kidole, na aghalabu mpishi mwenyewe ataonja ili ajue kama sukari imetosha. Ni desturi ya miaka mingi na wengi wetu tumekua nayo.

Lakini siku hizi jambo hili halikomi kwenye mwiko. Wapo watu ambao hukanda unga wa biskuti pamoja na siagi, sukari na vipande vya chokoleti, wakapata kinyunga laini na kitamu, kisha wakakila kibichi kwa kijiko bila kukikaribisha kwenye oveni. Wengine hukitia katika vikopo na kukiuza. Asili ya mtindo huu ni Marekani. Huko kampuni ya Ben & Jerry's ilianza mnamo 1991 kuuza vikopo vya aiskrimu yenye vidonge vya kinyunga cha biskuti ndani yake, na mnamo 2017 duka la kuuza kinyunga kitupu lilifunguliwa jijini New York, watu wakapiga foleni hadi barabarani.

Maelezo ya kupika kitu hiki husambazwa kwa simu, na mara nyingi huwa na ahadi mbili. Ya kwanza: usitie yai, nawe utakuwa salama. Ya pili: ikiwa una wasiwasi na unga, ukaange kidogo kwenye sufuria au uupashe moto katika oveni. Ahadi ya kwanza ni nusu ya ukweli. Ya pili, ijapokuwa husemwa kwa uhakika mkubwa, haijathibitishwa na wataalamu, na ni vyema msomaji aelewe sababu kabla ya kumpa mtoto kijiko.

Kuhusu yai hakuna ubishi. Bakteria waitwao salmonela huweza kuwa juu ya ganda kutokana na kinyesi cha kuku, na pia huweza kuingia ndani ya yai lingali tumboni mwa kuku, kabla ganda halijaumbika. Ndiyo maana kuosha yai hakutoshi. Ndiyo maana pia yai la kienyeji, ambalo wengi huliamini kwa kuwa rangi yake ya ndani ni ya manjano iliyokolea, halina kinga yoyote ya ziada. Yai lipikwe hadi ute na kiini vigande. Basi.

Unga una nini?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Unga wa ngano ni mkavu, ni mweupe, umefungwa vizuri katika pakiti ya kilo 2 na hukaa kabatini miezi bila kunuka. Tunauchukulia kama chumvi au sukari. Ukweli ni kwamba unga ni chakula kibichi, sawa na nyama mbichi au sukuma wiki iliyotoka shambani sasa hivi.

Fikiria safari yake. Ngano, iwe imevunwa Narok au Uasin Gishu, au imeshushwa melini Mombasa kama sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini, huota mahali peupe. Ndege huila, panya hupita kati yake, na ng'ombe na wanyama wa mwitu huacha kinyesi shambani au katika maji yanayotiririka kuelekea huko. Bakteria wanaoishi katika matumbo ya wanyama hao hupata njia ya kufika kwenye punje. Kiwandani, ngano hupepetwa na kuondolewa mawe, hulowanishwa kidogo ili pumba zitoke kwa urahisi, kisha husagwa na kuchekechwa mara kadhaa. Katika kazi hiyo yote hakuna hatua hata moja ya kuipika. Isitoshe, kusaga ni kuchanganya: punje chache zenye vijidudu zaweza kuvisambaza katika pakiti nyingi.

Weupe wa unga si dalili ya usafi wa aina hii. Dawa ya kuung'arisha hubadili rangi, haiui bakteria. Vitamini na madini ya chuma ambayo wasagaji nchini Kenya wamelazimika kuongeza katika unga tangu 2012 ni ya kujenga mwili, nayo pia hayaui kitu. Hata alama ya KEBS kwenye pakiti haimaanishi kwamba unga umeandaliwa ili uliwe mbichi. Wasagaji hutarajia kwamba utaupika, na ndivyo wanavyoutengeneza.

Ukavu wa unga huwazuia bakteria kuongezeka, lakini hauwaui. Huweza kulala humo kwa miezi kadhaa, kama mbegu ardhini zinazongoja mvua. Ukimimina maziwa, maji au yai, mvua imenyesha.

Yaliyotokea Marekani

Si nadharia tu. Mnamo 2009 watu zaidi ya 70 katika majimbo 30 ya Marekani waliugua kutokana na bakteria aina ya E. coli O157. Wengi wao walikuwa wa kike na wenye umri mdogo, jambo lililowashangaza wachunguzi, kwani ugonjwa huo ulizoeleka kuhusishwa na nyama ya kusaga isiyoiva. Wagonjwa walipohojiwa mmoja baada ya mwingine, ilibainika kwamba walikuwa wamekula kinyunga kibichi cha Toll House, kilichotengenezwa na kampuni ya Nestlé na kuuzwa kikiwa tayari ili watu wakioke nyumbani. Kumi kati ya wagonjwa hao walipatwa na maradhi mabaya ya figo.

Kila mtu angelitaja yai kwanza. Lakini mayai yaliyotumiwa kiwandani humo yalikuwa yamepitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. Wachunguzi walipokagua kiungo kimoja kimoja, waliona kwamba unga haukuwa umepitia joto lolote, nao ukawa mshukiwa mkuu, ingawa hawakuwahi kuthibitisha kikamilifu. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilianza kutumia unga uliotiwa joto kwanza.

Thibitisho lilipatikana 2016. Watu 63 katika majimbo 24 waliugua kutokana na aina nyingine za E. coli, na 17 wakalazwa. Safari hii bakteria wenyewe walipatikana ndani ya pakiti za unga zilizokuwa jikoni mwa wagonjwa, unga uliosagwa katika kiwanda cha General Mills mjini Kansas City. Kampuni iliondoa unga huo madukani. Katika uchunguzi huo lilijitokeza jambo ambalo mzazi yeyote wa Kenya anapaswa kulisikia. Baadhi ya watoto walioumwa hawakuwa wameoka chochote. Walikuwa wamepewa vidonge vya unga mbichi mikahawani wavichezee wakingoja chakula. Mnamo 2023 yakatokea tena: salmonela iliyokuwa katika unga iliwaambukiza watu katika majimbo 13.

Msomaji anaweza kusema, na ana haki: mbona tumelamba bakuli tangu utotoni na tungali hai? Ni kweli kwamba pakiti nyingi za unga hazina bakteria wa hatari, na watu wengi hula kinyunga kibichi bila kuumwa hata siku moja. Hatari si kubwa kwa kila kijiko. Tatizo ni kwamba huwezi kuijua pakiti mbaya kwa kuitazama, kuinusa au kuionja, na anayeumia zaidi ni yule mdogo kabisa aliyepewa mwiko kwa sababu ya kupendwa.

Hapa kwetu mtoto akiharisha hulaumiwa maji ya mfereji, matunda ya kando ya barabara au meno yanayoota. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba siku tatu zilizopita mtoto huyo alishinda jikoni akifinyanga donge la chapati na kulitia mdomoni. Fauka ya hayo, chapati ndiyo hasa iliyo kwetu. Biskuti ni ya wachache. Lolote linalosemwa hapa kuhusu kinyunga cha biskuti ni sawasawa kwa donge la chapati, la mandazi na la keki, na pia kwa mandazi yaliyokaangwa kwa moto mkali yakawa mekundu nje na mabichi ndani.

Ugonjwa wenyewe

Salmonela inayozungumziwa hapa si ile ya homa ya matumbo, yaani taifodi, ingawa ni za ukoo mmoja. Taifodi hutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu kupitia kinyesi. Hizi nyingine hutoka sana kwa wanyama. Mtu huanza kuumwa kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kula: homa, kuumwa na tumbo, kuhara, pengine kutapika. Wengi hupona baada ya siku 4 hadi 7 bila dawa maalumu. Lakini kwa watoto wachanga na wadogo, hasa wenye malaria, utapiamlo, virusi vya ukimwi au ugonjwa wa selimundu, bakteria hawa huweza kuingia katika damu, na hapo ugonjwa hugeuka kuwa wa kufa na kupona. Madaktari wa Afrika Mashariki wanaujua vyema.

E. coli wa aina ya hatari hutoa sumu. Dalili huanza kwa kawaida siku 3 au 4 baada ya kula: tumbo kunyonga sana, kuhara, na mara nyingi kuhara damu. Kati ya wanaothibitishwa kuambukizwa, asilimia 5 hadi 10 hupatwa na tatizo la figo, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka 5. Sumu hiyo huvunja chembechembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo ya figo. Huja yapata wiki moja baada ya kuhara kuanza, wakati mzazi anadhani mtoto ameshapona. Dalili zake ni kukojoa kidogo sana au kutokojoa kabisa, kuwa mweupe midomoni na viganjani, kuvimba uso au miguu, na uchovu usio wa kawaida. Wengine huhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa sababu hiyo, mtoto anayehara damu asitibiwe nyumbani wala asinunuliwe vidonge dukani kwa kukisia. Dawa za kufunga tumbo huzuia sumu kutoka, na katika ugonjwa huu wa E. coli baadhi ya viuavijasumu huhofiwa kuongeza uwezekano wa figo kudhurika. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, mnyonyeshe ikiwa bado ananyonya, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, mwambie daktari kama alikula au alichezea unga mbichi. Watu wengi hawafikirii kulitaja jambo hilo.

Kwa nini kukaanga unga si dawa

Turudi kwenye ahadi ya pili. Maelezo mengi ya kinyunga "salama" humwelekeza mpishi atandaze unga katika sinia, autie ndani ya oveni dakika 5 hivi, au autie katika maikrowevu, hadi ufikie nyuzi 74 za Selsiasi. Yasikika kama sayansi. Kasoro ni kwamba kipimo hicho cha nyuzi 74 kilizoeleka kwa nyama ya kuku, chakula chenye maji mengi. Unga hauna maji mengi.

Tofauti hii unaifahamu tayari kwa ngozi yako. Ukifungua oveni iliyowaka hadi nyuzi 100 na kutia mkono ndani kwa sekunde chache, utasikia joto lakini huungui. Tia mkono huo huo katika maji yanayochemka, ambayo nayo ni nyuzi 100, uone. Maji hubeba joto na kulipenyeza. Hewa kavu hailipenyezi hivyo. Bakteria nao wako vivyo hivyo. Katika chakula chenye maji, salmonela hufa kwa dakika 2 hivi chakula kikifikia nyuzi 70. Katika unga mkavu, bakteria yule yule hujikunyata na kuwa mgumu, akastahimili joto hilo hilo kwa muda mrefu zaidi.

Jingine ni kwamba unga haupitishi joto vizuri. Juu ya sinia utaanza kubadilika rangi huku wa katikati ukiwa vuguvugu. Katika maikrowevu pana sehemu zinazoungua na sehemu zinazobaki baridi. Kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, ulio chini hukaangika, ulio juu hupata moshi tu. Harufu nzuri ya unga uliokaangwa huonyesha kwamba baadhi ya unga umekaangika, haionyeshi kwamba bakteria wamekufa. Hata mwenye kipimajoto hupima mahali pamoja tu palipo na ncha yake.

Ndiyo sababu FDA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa vyakula na dawa, limewaambia watu waziwazi wasijaribu kuutibu unga kwa joto nyumbani, kwa kuwa njia hizo huenda zisiue bakteria wote. Viwanda vinavyouza kinyunga cha kuliwa kibichi vina mitambo ya kufanya kazi hiyo na maabara ya kupima matokeo yake. Wewe na mimi hatuna. Na unga wa kawaida kwenye rafu za duka lako, pakiti isiposema kwamba umetiwa joto na uko tayari kuliwa, uchukulie kuwa mbichi.

Unaweza kula nini basi?

Habari njema ni kwamba utamu unaotafutwa hautoki kwenye unga mbichi. Hutoka kwenye siagi, sukari, vanila, chumvi kidogo na ule ulaini wa kutafunika. Unga kazi yake ni kushikanisha tu, na kazi hiyo yaweza kufanywa na kitu ambacho tayari kimeshapikwa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutumia biskuti zenyewe. Biskuti ni unga ambao mtu mwingine amekwisha kukuokea. Chukua gramu 200 za biskuti za kawaida zisizo na krimu, zile za kunywea chai. Zitie katika mfuko safi wa plastiki unaofaa kwa chakula na uziponde kwa mpini wa kusukumia chapati, au uzisage katika blenda, hadi ziwe kama unga. Usiache vipande vikubwa, vitakukwaruza ulimi na kuharibu ule ulaini. Pasha moto vijiko 4 vikubwa vya maziwa hadi yachemke, koroga ndani yake vijiko 2 vikubwa vya sukari ya kahawia mpaka iyeyuke, kisha yaache yapoe. Piga gramu 60 za siagi au majarini iliyolainika kwa mwiko hadi iwe nyepesi, tia chumvi nusu ya ncha ya kijiko cha chai na vanila nusu kijiko cha chai, mimina maziwa, halafu changanya na biskuti zilizosagwa. Likiwa gumu, ongeza maziwa yaliyochemshwa, kijiko kimoja kimoja. Likiwa jepesi, ongeza biskuti. Mwisho tia gramu 50 za chokoleti iliyokatwakatwa. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo na uviweke katika friji nusu saa. Biskuti hunyonya maziwa zikipumzika, kwa hiyo usihukumu ulaini wake kabla ya nusu saa hiyo.

Wapo watakaosema ladha hiyo ni ya biskuti iliyolowa, si ya kinyunga halisi. Si uongo kabisa. Kwa hao kuna njia ya pili, yenye kazi zaidi lakini inayotumia unga wa ngano: upike unga kwa maji, si kwa hewa. Ni kama uji. Koroga vijiko 3 vikubwa vya unga katika nusu kikombe cha maziwa baridi hadi pasiwe na madonge. Weka kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha, na uhakikishe mwiko unafika pembeni na chini ya sufuria. Utaanza kuwa mzito. Usiepue hapo. Ungoje hadi utoe mapovu makubwa yanayopasuka, kama ugali unaoanza kushika, kisha uendelee kukoroga dakika 3 nyingine. Hapo kila chembe ya unga imekutana na maji ya moto. Funika, uache upoe kabisa; ukiutia siagi ungali moto siagi itayeyuka na mchanganyiko utakuwa wa mafuta. Piga gramu 60 za siagi na vijiko 3 vikubwa vya sukari laini, ongeza uji huo mzito kijiko kimoja kimoja ukiendelea kupiga, tia chumvi na vanila, kisha uimarishe kwa gramu 150 za biskuti zilizosagwa au Weetabix iliyopondwa. Ladha ya unga, ile wanayoitamani wenye kulamba mwiko, imo.

Anayependa njugu aweza kutumia njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa badala ya nusu ya biskuti. Zichague vizuri. Njugu iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu huenda ina sumu ya aflatoksini, na hiyo haiondolewi na joto la jikoni. Na usiwape watoto wadogo sana njugu nzima au vipande vikubwa vya chokoleti, wasije wakapaliwa.

Katika njia zote mbili, tumia maziwa ya pakiti yaliyotiwa joto kiwandani au uchemshe ya kawaida. Baking powder haihitajiki kwa kuwa hakuna kinachoumuka. Meza, kibao na mikono viwe safi, na usikande kinyunga hiki mahali palipotoka kusukumwa chapati punde tu. Vumbi la unga mbichi huruka na kutua kila mahali, hata kwenye kitambaa cha kupangusia vyombo. Futa kwa maji ya sabuni kwanza.

Wanaouza na wanaofundisha

Ukinunua kinyunga cha kikopo kutoka kwa mtu anayetengeneza nyumbani, muulize swali moja: umetumia unga gani? Akikujibu kwamba hakutia yai, hajakujibu. Akisema ameukaanga, umeshajua la kufikiri. Cheti cha afya cha mhudumu wa chakula, ambacho wauzaji wengi huonyesha kwa fahari na wanafaa kusifiwa kwa kuwa nacho, kinaeleza kwamba mtu huyo alipimwa. Unga wake haukupimwa.

Kwa walimu wa shule za chekechea na wazazi wanaowatengenezea watoto unga wa kufinyangia: donge la maji baridi, chumvi na unga ni unga mbichi mikononi mwa watoto ambao kila kitu hukitia mdomoni. Ni afadhali kuupika. Changanya unga, chumvi, maji na mafuta kidogo katika sufuria na ukoroge kwenye moto hadi ushikane kuwa bonge moja la moto, kisha uupoze. Hudumu zaidi, haunati, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Chumvi yake nyingi huwafanya pia wasiutamani. Siku ya chapati, mtoto anayelilia donge apewe hilo.

Kuhusu kuhifadhi, vidonge vya biskuti hukaa katika friji siku 3 au 4 katika chombo chenye kifuniko, na kwenye sehemu ya kugandisha mwezi mmoja au zaidi. Visiachwe mezani zaidi ya saa 2, hasa kule pwani na wakati wa jua kali. Umeme ukipotea kutwa nzima na friji ikapoteza ubaridi, usivionje ili kujua kama vimeharibika, vitupe. Wala usijaribu kuvioka vikibaki. Havina unga mbichi wa kushikana wala kitu cha kuviumua, na siagi itakapoyeyuka vitatandaa kwenye sinia na kuungua pembezoni.